Uyoga Kwao Hapana

Mvua za Aprili zikianza hapa Kitale, kuna mama mmoja wa mtaa wa Kipsongo ambaye hutandika gunia lake karibu na ukuta wa soko na kumwaga juu yake uyoga wa kichuguuni, mweupe, wa shingo ndefu, wenye udongo mwekundu bado. Akiniona tu anaanza makelele.

"Mama, kuja! Ya leo asubuhi hii, bana! Si uchukue yote niende nyumbani?"

Nachukua yote. Siombi kupunguziwa bei. Nalipa nimekunja uso, naye hunitazama kwa mashaka, maana sidhani ana mteja mwingine anayenunua mboga kama anayelipiza kisasi. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na mtu aliyelala chini ya udongo huko Mabanga, upande wa Bungoma, na kama una nafasi, rafiki yangu, vuta kiti nikusimulie, kwa sababu tuliolijua jambo hili tunapungua kila mwaka.

Nilikuwa na miaka kumi nilipopelekwa kwa nyanya, mama mzaa baba. Wazazi wangu walikuwa wamepata kazi mbali, ikaamuliwa nisome kijijini. Najua nyanya wa watu wengine walikuwa wa peremende na hadithi. Wangu alikuwa wa fimbo na kazi. Kabla ya shule nilifagia ua, nikafungua ng'ombe, nikateka maji. Jioni nilikaa jikoni nikichoma maganda ya maharagwe mpaka yawe majivu, nikayatia kwenye chungu kilichotobolewa tundu chini, nikamimina maji juu na kungoja yadondoke upande wa pili, yakiwa na rangi ya chai. Hiyo ndiyo munyu yetu, ya kulainishia mboga za mrere na kunde. Moshi ulinila macho mpaka nikawa nalia bila kupigwa, na nyanya akiona machozi hayo aliuliza kama nimefiwa.

Chakula chake, sitasema uongo, sijakila kingine kama hicho. Ugali wa wimbi mweusi na mrere unaoteleza. Kumbikumbi waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe, baada ya sisi watoto kukesha tukigonga vijiti juu ya kichuguu ili watoke. Lakini uyoga haukuingia katika jiko lile hata siku moja. Msimu wake ulipofika, harufu yake ilitujia kutoka kwa jirani, ng'ambo ya ua, uyoga uliopikwa kwa karanga zilizosagwa, nami mate yakanijaa mdomoni. Nilimwuliza nyanya mbona sisi hatuupiki.

"Mdomo wako ni ya kura au ni ya kuuriza?" akasema. "Kura mboga."

Huyo jirani alikuwa mzee mwenye fimbo ya mpingo na koti zito hata jua likiwaka, mwenyekiti wa kamati ya shule. Yeye na nyanya hawakusalimiana. Walipokutana njiani mmoja alitazama mashamba na mwingine akatazama mawingu. Nyumba zetu zilitumia chemchemi moja, na wajukuu wake walikuwa na mchezo wa kuingia majini na miguu yenye matope pindi waliponiona nikishuka na mtungi. Nilikaa pale nikingoja maji yatulie, nikichelewa shule, nikichapwa kwa kuchelewa. Nikirudi nyumbani nalalamika, nyanya anasema maji ni maji. Niliwachukia wale watoto, na nikamchukia babu yao zaidi, kwa sababu aliwaona na kunyamaza.

Sasa nikueleze chanzo. Wakati ukoloni unaingia kwetu, watu waliishi ndani ya boma lenye ukuta wa udongo na handaki kuzunguka, na lango moja tu la kuingilia kwa kuinama. Askari wa wageni walikuja na bunduki, wakauzunguka ukuta, wakashindwa kuupanda. Kisha usiku mmoja lango lilifunguliwa kutoka ndani. Wanaume waliuawa, ng'ombe wakaswagwa. Nani alifungua? Wanawake waliobaki walimjua, ila hawakumtaja kwa jina, kwa sababu jina likitajwa lazima damu imwagike tena. Walitunga fumbo badala yake, wakaliimba shambani kwa lugha yetu, likashuka mpaka kwetu. Na katika kijiji chetu nyumba zilizotoka ndani ya boma lile zilikuwa mbili tu, ya mume wa nyanya na ya yule mwenyekiti. Msaliti alikuwa wa huku au wa kule.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu aliyependa mashairi kuliko watoto, ndiye aliyelitia fumbo lile vina ili tulighani Siku ya Wazazi. Aliliandika ubaoni kwa chaki ya rangi:

*Nani kafungua lango,*
*maadui kuingia?*
*Wakatuvunja migongo,*
*na wajane wakalia?*

*Simtaji, ana wana,*
*mtamjua kwa chungu:*
*uyoga kwao hapana,*
*hata njaa ije, wangu.*

"Kikulacho ki nguoni mwako," mwalimu akasema, akijipangusa chaki. "Nani ana jibu?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Waligeuka tu, darasa zima, wakanitazama mimi. Hata wewe ungegeuka. Kila mtoto alijua jiko la nani halipiki uyoga, na kila pua ilijua jiko la nani linapika. Mjukuu wa mwenyekiti aliyekaa nyuma yangu akaninong'oneza sikioni, taratibu, kama anayenipa zawadi: "Kumbe ni ninyi, ati?"

Kuanzia siku ile sikuruhusiwa kugusa mlango wa darasa. Nikiusogelea, wote wanapiga kelele, "Anafungua! Anafungua!" na kujificha chini ya madawati. Nilingoja mtu mwingine atoke ndipo nitoke. Wasichana walioniita rafiki waliacha kunisuka. Nikienda chemchemini, fumbo lilinipokea kutoka vichakani kwa sauti za kuimba, na neno la mwisho, *wangu*, walilivuta sana. Mwalimu alisikia, akacheka, akasema ushairi ukipenya kwa watu ni jambo la kujivunia. Akatangaza kwamba Siku ya Wazazi, tukimaliza kughani, mkutano wote utaulizwa ni nani, na jibu litajitokeza lenyewe. Nililijua jibu litakalojitokeza. Baba yangu na babu yangu, ambaye sikuwahi kumwona, wangetajwa mbele ya kijiji kizima kuwa uzao wa msaliti, na jambo likisemwa mbele ya watu wengi halirudi tena mdomoni. Nilimwambia nyanya. Aliendelea kupukuchua mahindi.

"Maneno haivunji mufupa," akasema.

Likizo ya Agosti nilikwenda Kitale kwa babu mdogo, ndugu wa mume wa nyanya, aliyefanya kazi ya kubeba magunia kwenye maghala ya mahindi na kuishi chumba kimoja pembeni mwa Kipsongo. Alikuwa mtu wa kelele na kicheko, na ukutani alikuwa ametundika suruali yake ya kanisani kama picha. Jioni ya kwanza alipika mwenyewe. Akafunua sufuria, na ilikuwa uyoga.

Nilirudi nyuma kana kwamba kuna nyoka. Nikamwambia sisi hatuli, sisi ni watu wa lango. Mzee aliweka mwiko chini akanitazama.

"Nani amekudanganya ati sisi hatukuli uyoga? Mimi nimekula hii kitu tangu meno ya utoto. Ndugu yangu alikuwa anakula. Baba yetu alikuwa anakula, anataka na ingine."

"Lakini kwa nyanya haupikwi."

"Si hiyo ni yake? Mwanamke akiolewa anakuja na mambo ya kwa baba yake. Kama kwao hawakuli, yeye atapika aje? Ndugu yangu alikuwa anakuja kula uyoga kwa mama yetu, kwa siri kama mwizi." Akacheka mpaka akakohoa.

"Kwao ni wapi, kuka?" nikauliza, nikimwita babu kwa lugha yetu.

Kicheko kikaisha. Sisi wote tulijua nyanya alitoka mlimani, miteremko ya Elgon, kwa shangazi aliyemlea baada ya wazazi wake kufa. Hakuwahi kusema zaidi na hakuna aliyemwuliza, kwa sababu ya ule mdomo wake.

"Hiyo uliza yeye," akasema babu mdogo. "Mimi sitaki maneno na huyo mama."

Sikumwuliza. Nilirudi Mabanga na jambo zito tumboni: chungu kinamfuata mwanamke. Fumbo lilisema mtamjua kwa chungu, na kijiji kizima kikawa kinasoma chungu cha mke kana kwamba ni cha mume. Nikaanza kukitazama chungu cha jirani kwa macho mapya. Uyoga ulipikwa kule, ndiyo, lakini na nani? Na wake za wanawe, wote kutoka koo nyingine. Nani alikuwa amewahi kumwona mzee mwenyewe akila?

Jibu lilikuja kwenye matanga ya mama mmoja wa kanisani. Wazee walikuwa wameketi upande mmoja, wanawake wakubwa upande wa pili, nami nilikuwa miongoni mwa wasichana wa kupeleka sahani. Nilimpelekea mwenyekiti ugali na uyoga wa karanga. Alisogeza sahani kwa mgongo wa mkono wa kushoto, mara moja, bila kuitazama, akaniambia lete maharagwe. Nikaipeleka sahani ileile kwa nyanya. Mgongo wa mkono wa kushoto, mara moja, bila kuitazama. "Rete maharagwe."

Nilisimama pale na sahani mikononi. Waliosogeza walikuwa wawili na mkono ulikuwa mmoja. Niliwatazama nyuso zao, huyu na yule, wanaochukiana hivyo, na kwa mara ya kwanza nikaona paji la uso ni lilelile, pana na lenye mkunjo katikati. Basi yule yatima wa mlimani alitoka nyumba ya jirani: walikuwa watoto wa ndugu wawili, na kutosalimiana kulikuwa kuuficha udugu huo. Aliyefungua lango alikuwa babu yao mmoja. Na huyu mzee alikuwa anawaacha wajukuu wake kula mwiko wa ukoo wao bila kuwaambia, mradi harufu ivuke ua na fumbo litafute jibu kwingine.

Unadhani niliona huruma? Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Nilidhani na nyanya atafurahi, kwamba mume wake atasafishwa na mjukuu wake ataacha kuzomewa. Nilidhani ananyamaza kwa sababu hana wa kumsemea.

Siku ya Wazazi ilifika. Meza ya chakula ilikuwa chini ya turubai, kila nyumba imeleta sufuria yake. Mwenyekiti alikaa kiti chenye mikono. Nyanya alikaa mstari wa mbele kwenye benchi, amevaa gauni la buluu na kitambaa cheupe. Tulighani vizuri, nakubali, hata mimi mwili ulinisisimka. Mwalimu akapanua mikono kwa wazazi na kuuliza, "Ni nani?" na kabla ya mtu kufumbua mdomo nikatoka mstarini.

Nikasema yote. Nikasema kwetu uyoga unaliwa, babu mdogo wa Kitale anaula na babu yangu aliula. Nikasema chungu cha nyanya kinafuata kwa baba yake, si kwa mume wake. Nikanyoosha kidole kwa kiti chenye mikono. "Mwulizeni mwenyekiti kama aliwahi kula uyoga. Yeye na nyanya ni nyumba moja."

Mwenyekiti hakusogea. Fimbo yake ndiyo iliyosogea, kidogo, kwenye vumbi. Wazazi walikuwa wameanza kugeuka kumtazama, na nakuapia, rafiki yangu, ile ilikuwa dakika tamu kuliko zote za utoto wangu.

Ndipo nyanya akasimama.

"Rete hiyo sahani," akamwambia msichana aliye karibu na meza. "Ya uyoga."

Aliipokea. Akakata tonge la ugali, akalichovya mpaka chini, akabeba uyoga mzima, akatia mdomoni. Akatafuna akinitazama mimi. Akameza. Akakata la pili. Watu walikuwa wamesimama sasa, maana kwetu mtu mzima hali mwiko wa kwao hata kwa kushikiwa panga, kila mmoja alijua hilo. Alikula mpaka nusu ya sahani, kisha akavuka uwanja, yeye ambaye hakuwahi kumsalimu yule mzee, akamwekea sahani mapajani. Mzee akala iliyobaki.

"Huyu mutoto amezoea kudanganya," nyanya akauambia mkutano, akijipangusa midomo. "Na yule wa Kitale mji imemuharibu. Anakura kila kitu."

Basi. Kama nyanya anakula uyoga, mwiko si wake. Kama si wake, jiko lile halipiki kwa sababu ya mume wake. Hesabu ilirudi kwetu yote, imekamilika, na muhuri juu. Watu walicheka kwa kutua mzigo. Mwalimu alinichapa palepale kwa kuharibu shairi, na mjukuu wa mwenyekiti aliimba ubeti wa pili mpaka alipochoka.

Jioni nilimkuta nyanya nyuma ya jiko, amepiga magoti, anatapika. Alikuwa na chungu cha munyu kando yake, ile niliyoichuja mimi, anasukutua mdomo na kutema, anasukutua na kutema, mpaka midomo ikachubuka. Sikumsaidia. Nilisimama na kumwuliza kwa nini. Mpaka leo namshukuru kwa jambo moja tu, kwamba hakunidanganya mara ya pili.

"Jina ya baba yangu haina mutu mwingine," akasema. "Ninyi mko wengi. Mutabeba."

Alimchagua maiti akaniacha mimi, mtoto niliyelala kitanda kimoja naye. Nimelisema kwa watu wengi na wengi wamejaribu kunielewesha: ati mwanamke aliyeolewa amebakiwa na nini cha baba yake ila mwiko, ati alikuwa yatima, ati damu ni nzito. Nawasikia. Sikusamehe wakati ule na sijasamehe. Muhula ulipoisha niliomba kurudishwa Kitale kwa babu mdogo, nikamalizia masomo huku. Kwa miaka mingi baadaye nilikwenda Mabanga mara moja tu, kumzika. Mwenyekiti alikuja kwa mkongojo, akasimama mbali na jeneza, akatazama mawingu. Yeye naye alifuata mwaka huohuo.

Juzi nililazimika kupita kule kwa sababu ya shamba. Ukuta wa boma, uliokuwa umebaki kama tuta la kukaa mbuzi, umelimwa wote na sasa ni mahindi. Chemchemi imekauka, watu wana mabomba. Ua kati ya nyumba mbili haupo, na mjukuu wa mwenyekiti, yuleyule wa nyuma yangu darasani, alinipokea kwa mikono miwili, akaniita dada. Binti yake anasoma chuo kikuu pale Kibabii. Nilitaka kugombana. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikaanza kumghania, *nani kafungua lango*, nikamngoja. Alinitazama akitabasamu kwa adabu.

"Hiyo ni wimbo ya wapi, auntie?" binti yake akauliza.

Baba yake naye akatikisa kichwa, hakumbuki. Ameniharibia utoto kwa mistari minane na hana hata mmoja kichwani. Walikuwa wanakula, wakanikaribisha. Ilikuwa uyoga. Nikasema nimeshiba.

Basi ndiyo sababu nanunua gunia zima kwa yule mama wa Kipsongo. Nikifika nyumbani naosha udongo, nasaga karanga, napika sufuria kubwa, na mume wangu na watoto wanakula wanalamba vidole. Kwa mila naruhusiwa, mimi ni wa ukoo wa baba yangu na kwetu uyoga unaliwa, na kila mwaka naupika ili nyanya aone huko aliko kwamba mwiko wake umekufa pamoja naye. Wananiwekea sahani yangu kila mara. Naisogeza. Mwaka huu binti yangu mdogo alicheka, akaniuliza mbona huwa nasogeza chakula kwa mgongo wa mkono.